Vifuniko vya Mzee Kimeli

Mwaka wa tisini na sita, mwezi wa bonasi ya majani chai, Nyanchoka alikuwa akishona aproni za plastiki katika kichochoro nyuma ya soko la Litein. Aproni hizo ndizo humkinga mchumaji asilowe tumbo kwa umande wa asubuhi, na zake zilikuwa na mshono mara mbili. Shida ni kwamba mle kichochoroni walipita mbuzi wengi kuliko watu. Tena cherehani haikuwa yake. Alikuwa ameikodi kwa Chelimo, naye Chelimo alishamwambia, "Mwisho wa mwezi nauza. Ukiwa na elfu tatu, ni yako. Ukikosa, kuna mtu wa Sosiot anaitaka."

Basi akamwendea Mzee Kimeli, fundi wa viatu aliyekaa pale njia zinapogawanyika. Kila mgeni wa Litein alimwuliza yeye njia. Wakapatana: Mzee akimwelekeza mtu kwa Nyanchoka, ampe kifuniko cha soda. Kila kifuniko kikifika, Mzee ana shilingi mbili, aliyekileta anunue asinunue.

Siku ya kwanza watu walimiminika, Nyanchoka akaimba nyimbo zote za kanisani alizozijua. Mmoja akaja na kifuniko chake akitafuta chumvi ya ng'ombe. Msichana mmoja alitaka gauni la harusi. Bibi mmoja alitaka tu kupumzisha miguu, na huwezi kumfukuza mgeni bila chai, kwa hivyo hata chai ikaenda.

Kufunga kazi, akahesabu. Vifuniko arobaini na sita, shilingi tisini na mbili. Aproni zilizouzwa tatu, faida thelathini kila moja. Tisini.

"Yaani nimemfanyia Mzee kazi mchana kutwa," akasema, akicheka asilie, "na nikamwongezea mbili za sukari!"

Kesho yake alibeba kigoda akaketi kando ya Mzee, akisikiliza.

"Chamgei, Mzee," mpita njia mmoja akasalimu kwa Kikalenjin. "Wapi naweza pata suti?"

"Chamgei mising. Nenda kwa Nyanchoka, anashona. Shika kifuniko."

"Mzee!" Nyanchoka akaruka. "Mimi nashona suti tangu lini?"

"Sasa mama, mtu amenisalimia vizuri, nimwache aende mikono mitupu?"

"Mwelekeze popote. Lakini kifuniko mpe yule tu anayetaka aproni ya kuchumia chai. Na nitakupa tatu badala ya mbili."

Mzee akasugua kidevu. "Watu wachache, pesa zaidi. Nyinyi Wakisii mna maneno."

Siku hiyo vifuniko vilifika kumi tu. Walionunua, wanne. Faida mia na ishirini, ya Mzee thelathini, na Nyanchoka akabaki na tisini zake safi. Siku zilizofuata zikaenda vivyo hivyo: wakija watano, wawili wananunua. Ukijumlisha na akiba yake ya nyuma, elfu tatu ikaanza kuonekana kwa mbali.

Ndipo Bosire, aliyeuza aproni kama hizo kando ya barabara, akaunusa mpango. Akamwahidi Mzee kumi na tano kwa kila kichwa.

"Mama, utanipa ngapi?" Mzee akauliza, ameona haya kidogo.

Moyo wa Nyanchoka ulitaka kusema kumi na sita. Lakini akavipanga vifuniko vitano mezani. Watano, wawili wananunua, faida sitini. Akilipa kumi na mbili kwa kila mmoja, zote sitini zimeisha. Kumi na tano? Hapo ni kutoa mfukoni.

"Nenda kwa Bosire, Mzee," akasema. "Ukirudi utanikuta hapa."

Wiki hiyo Bosire alijaa wateja, akapita kichochoroni akipiga mluzi. "Nyanchoka, mbuzi wako hawajambo?"

"Wanakusalimia," akajibu, akiendelea kuwashonea waliotumwa na wateja wake wa zamani, ambao hawakuwa na kifuniko chochote.

Ijumaa Bosire alikwenda kununua plastiki nyingine, akapapasa mifuko yote minne, akapata ya kununua mita moja. Jumamosi Mzee Kimeli akatokea kichochoroni na kopo la vifuniko kwapani.

"Ile tatu bado iko?"

"Iko, Mzee. Kaa kwanza, chai inachemka."

Tarehe thelathini na moja Chelimo alihesabu noti za Nyanchoka mara mbili, akampa ufunguo wa kisanduku cha cherehani, na akiwa mlangoni akageuka. "Na mimi nauza maziwa pale ng'ambo. Huyo mzee wa vifuniko anachukua ngapi?"

"Keti, Mama Chelimo," Nyanchoka akasema, akivuta kigoda. "Kwanza niambie, wakija kumi, wangapi hununua?"