Mkarafuu Uliokatwa Kama Chai

Wengine wakisikia harufu ya karafuu huwaza Pemba. Mimi hurudi jikoni kwa mama, karibu na Kaplong, kwenye mashamba ya chai ya Kenya, moshi umetanda na chai ya maziwa inataka kufurika.

Zuhura, jirani yetu, alizaliwa Pemba. Aliolewa na dereva wa lori la majani chai, akaja kuishi kwenye baridi yetu, sweta mbili mwilini hata saa sita mchana. Alitusimulia habari za kwao: adhana ya alfajiri, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, na yeye, binti mdogo, akimtoroka bibi yake kukwea mkarafuu mpaka kileleni ili aone bahari. Mama alicheka. Mti gani wa kuchuma unaomtaka mtu awe tumbili?

Safari moja Zuhura alirudi kutoka kwao amepakata mche wa mkarafuu ndani ya mkebe. Aliulea kando ya jiko, ukanifika magotini. Alipoenda hospitali kujifungua, alimwachia mama. Mama alivyojivunia kazi hiyo! Aliumwagilia maji, akaukinga na mvua ya mawe, na asubuhi moja akachukua kisu akaukata kichwa, kama tunavyokata chai changa ili itanuke pembeni, isimzidi mchumaji kimo. Alidhani amemfanyia hisani.

Zuhura alirudi na mtoto mikononi, akapitisha kidole pale mche ulipokatwa.

"Asante, mama Chebet," akasema, akimwita kwa jina langu. "Umenitunzia."

Akachuma jani, akalitia kwenye chai yake. Machozi yalimtoka, nami nikalaumu moshi. Baridi ya Julai ikaumaliza mche.

Zuhura hatunaye tena. Mwaka huu nimefika Pemba mara ya kwanza, nikasimama chini ya mkarafuu nikainua macho mpaka shingo ikauma. Huko juu kijana alikuwa akichuma huku akiimba. Nilimkumbuka Zuhura. Sisi watu wa chai hutazama chini siku nzima. Yeye alitaka kitu kimoja tu kwenye baridi ile cha kumfanya atazame juu.

Nikampigia mama simu. Akaniuliza huo mti ni mrefu aje.

"Umepita nyumba, Mama. Na kutoka juu bahari inaonekana."



"Nami nikaukata kichwa. Na akaniambia asante," mama akasema.