Neno Moja kwa Siku Tisa

Zuhurah binti Swaib, wa mtaa wa Oli pale mjini Arua, alikuwa mkalimani, na asikudanganye mtu kwamba ni kazi ya kukaa kitini na kupiga domo. Kinubi, lugha iliyotokana na Kiarabu, alizaliwa nacho, kwa hiyo Kiarabu cha wakimbizi wa Sudani Kusini hakikumpa taabu. Kiswahili alikiokota barabarani, Kiingereza akakipata shuleni kwa viboko. Shirika moja la kushughulikia watoto wa wakimbizi lilipomwajiri, likamvika kitambulisho shingoni, na tangu siku hiyo hakupita sokoni bila kukiacha kining'inie nje ya mtandio. Mtu na ringo lake! Alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Lakini alifanya kosa, na kosa lenyewe lilimkalia kooni.

Ilikuwa Ijumaa. Koboko kulikuwa na harusi ya binti wa wifi yake Bushira, na ngoma za wanawake zilikuwa zianze alasiri. Gurbaba yake mpya, ile nguo ya Kinubi ya kujifunga kiunoni, ilikuwa imekunjwa ndani ya mkoba chini ya meza. Simu nayo haikutulia. "Wifi, wewe iko wapi? Watu yote imefika!" Bushira alikuwa amekwisha kupiga mara nne, na jua lilikuwa bado kichwani.

Mtu wa mwisho siku hiyo alikuwa mzee Tongun, Mkakwa wa upande wa pili wa mpaka. Alikuja na mjukuu wake Susana, mtoto wa miaka saba, ambaye mama yake aliuawa kijiji kiliposhambuliwa. Mzee aliomba jambo moja tu: aachiwe amlee mjukuu wake. Afisa aliyeketi mbele yake, Harriet, hakuwa mtu mbaya. Aliuliza swali ambalo yeyote angeuliza. "Kutoka kwenu hadi mpakani ni mwendo wa siku mbili. Wewe na mtoto mdogo mlikaa porini siku tisa. Kwa nini?"

Tongun alijibu kwa Kiarabu, kama wazee wa kwao wanavyojibu, akianzia mbali. Alisema kichwa kilimzunguka. Alisema alimzika binti yake kando ya kijito, kwa mikono, maana jembe liliungua na nyumba. Kesho yake akamshika mtoto mkono wakaanza safari. Ilipofika adhuhuri mtoto akaketi chini, akasema mama amebaki peke yake, nani atampa maji? Mzee akageuka naye. Wakarudi, wakamimina maji kaburini, wakalala. Kesho yake tena hivyo hivyo, na keshokutwa. Siku ya saba mtoto mwenyewe akasema, "Babu, sasa ameshiba maji. Twende." Ndipo wakatembea siku mbili mpaka mpakani.

Alipofika hapo mzee alilia. Kwao, kama kwa Wanubi, mzee akilia watu huinamisha macho, hawayaaniki machozi yake mbele ya mgeni. Zuhurah aliinamisha macho. Simu ikatetema mapajani. Akamgeukia Harriet, akasema kwa Kiingereza:

"He was confused." Alichanganyikiwa. Basi.

Harriet aliinua kalamu. "Ni hayo tu? Mbona amesema kwa muda mrefu?"

"Ni hayo tu, madam. Anarudia-rudia."

Ee, alisema hivyo! Harriet akaandika. Saa kumi Zuhurah alikuwa Koboko, anacheza mpaka mtandio unadondoka.

Ikapita miezi mitano. Siku moja, akishuka kuelekea mto wa Oli, akamkuta mzee Tongun kwenye kivuli cha ukuta anachonga mipini ya majembe. Akamsalimia kwa heshima, akauliza, "Susana hajambo, baba?"

"Susana hayuko. Walimpeleka kwa watu huko Lurujo. Waliandika kwamba kichwa changu hakiko sawa, siwezi kukaa na mtoto." Alisema bila hasira, kisha akamwambia aketi. "Lakini nimesikia huwa wanaita watu mara ya pili. Mimi niko tayari. Neno ulilonipa nimelishika. Nalisema kila asubuhi nisilisahau."

Akasimama, akanyoosha mgongo, akatamka: "Konfyuzdi." Akatabasamu. "Ni neno zuri. Siku ile madam alipolisikia tu, akaandika."

 Zuhurah aliaga haraka, akarudi nyumbani. Kwa siku kadhaa alijitetea moyoni: nilimsitiri mzee machozi yake. Lakini sitara gani hiyo yenye harusi ndani yake? Akanunua kamusi kuukuu sokoni, akatafuta neno ambalo angelisema siku ile. Akakuta "puzzled", la mtu aliyeshindwa na fumbo. Akakuta "bewildered", la mtu asiyejua pa kushika. Akakuta "dazed", la aliyepigwa akapumbaa, na "stunned", la aliyepigwa na butwaa. Ukurasa hadi ukurasa, Kiingereza kimejaa maneno ya watu waliobabaika! Alilichukua kila moja akaliweka kando ya zile siku tisa, na kila moja lilikuwa dogo, kwa sababu mzee hakuwa amebabaika. Kichwa kilimzunguka siku ya kuzika, na nani kisingemzunguka? Baada ya hapo alijua vizuri alichokuwa anafanya. Alikuwa anamngoja mtoto. Hilo halikuhitaji kamusi, lilihitaji kusemwa jinsi lilivyosemwa, nalo lingechukua dakika kumi.

Alipomweleza Bushira kwenye simu, wifi yake alipandisha sauti. "Wewe wacha hiyo maneno! Kazi iko moja tu, ukisema watakufukuza. Watoto yako itakula nini?"

Zuhurah alijua hilo ni kweli. Alikuwa na watoto watatu na kodi ya nyumba. Lakini kila alipomwona binti yake mdogo akichota maji, alimwona yule mwingine, Susana, akimimina maji kaburini. Jumatatu akaingia ofisini kwa Harriet kabla mwenyewe hajavua koti, akamsimulia yote, kuanzia kijito hadi siku ya saba.

Harriet alifungua faili la mzee. "Uliniambia anarudia-rudia."

"Nilisema uongo, madam. Nilikuwa nawahi harusi."

"Mtoto amekaa miezi mitano kwa watu asiowajua, Zuhurah." Akanyoosha mkono, na Zuhurah akavua kitambulisho, akamkabidhi. Mzee angeitwa tena, na mkalimani angekuwa mtu mwingine, Sulaimani.

Ilibaki kazi moja, nayo ndiyo iliyomlemea kuliko zote. Alimwendea Tongun, akapiga magoti palipokuwa na maganda ya miti. "Baba, wakikuita usiliseme lile neno."

"Kwani ni baya?"

"Halikuwa lako. Wewe hukuchanganyikiwa. Uliyosema sikuyasema, niliyakata. Nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza ngoma. Susana alichukuliwa kwa sababu yangu."

Mzee alimtazama. Kisha akaokota mpini wake, akaendelea kuchonga, na Zuhurah akabaki amepiga magoti mpaka alipoona hakuna la kungoja.

Siku ya mahojiano alikaa nje, kwenye benchi, kama mwombaji mwingine yeyote. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alimsikia mzee akianza mbali, na Sulaimani akimfuata nyuma, sentensi kwa sentensi: jembe, kijito, adhuhuri, maji. Mzee akilia, Sulaimani alingoja. Akiendelea, naye aliendelea. Ndani hakuna aliyemkatiza mtu.

Harriet alitoka kwanza, macho mekundu. "Gari linakwenda Lurujo kesho," alisema, akapita.

Kisha akatoka Tongun. Zuhurah alisimama, akainamisha kichwa, akitegemea kutukanwa, na moyoni akiyatamani matusi yenyewe. Mzee alisimama mbele yake. Sauti yake haikuwa na ukali wowote.

"Binti yangu," alisema, "kumbe Kiingereza nacho ni kirefu. Mimi siku ile nilidhani ni lugha fupi."

Akaenda zake kumngoja mjukuu wake. Zuhurah alirudi kukaa kwenye benchi.