Mrashi wa Pili

Wewe unayenisikiliza, kama umekaa na chombo cha kioo mbele yako na sanduku pembeni, ngoja kwanza kabla hujagusa kitu. Nami nilikaa hivyo hivyo, ukumbini kwa marehemu mama, Malindi, na haya ninayokueleza niliyajua baada ya kuharibu.

Mama alituachia mirashi miwili ya kioo chembamba, ile ya kunyunyizia marashi ya waridi kwenye harusi na maulidi. Kila mmoja una tumbo la duara, shingo nyembamba yenye urefu wa shibiri, na kichwa cha fedha chenye vitundu. Mmoja ulikuwa wangu, mmoja wa mdogo wangu, aliyeko Maskati kwa kazi ya uuguzi. Hakupata ruhusa ya kuja kumzika mama. Alitusikia kwenye simu tu tukisoma hitima, na tulipomaliza akaomba kitu kimoja: mrashi wake.

Kwetu mzigo hautoki nyumbani ukiwa na nafasi. Ikijulikana unatuma sanduku, watu wanakuja: huyu ana bizari, yule ana achari, mwingine ana leso, na aliyekosa cha kuleta huona haya. Ni mapenzi, wala silaumu. Mara ya kwanza niliuviringisha mrashi kwa kanga mbili, nikaulaza katikati, nikajaza pande zote zawadi za watu, hadi kifuniko nikakifunga kwa kukigandamiza na goti. Nilidhani kubana ndiko kulinda.

Mzigo ulipofika, mdogo wangu alinitumia picha. Vipande vya kioo vimetandazwa juu ya kanga, na kando yake mkebe wa halua, mzima, haujabonyea hata kidogo. Chini yake aliandika: "Halua imefika salama."

Mkebe ule ulitoka kwa mama mdogo, nduguye mama, anayekaa Mambrui. Sikumwambia. Nilimwambia mzigo umefika, na kweli ulikuwa umefika, lakini kila nikimwona nilitazama pembeni.

Ukabaki mrashi wangu. Nilikaa nao wiki nzima kabla ya kuamua kumtumia, maana ukivunjika na huu hatuna tena, si yeye wala mimi. Lakini mimi nilimwosha mama kwa mikono yangu, nikamvika sanda. Mdogo wangu hakumgusa hata kidole. Nikaenda kutafuta masanduku mawili, moja liingie ndani ya jingine.

Fuatana nami taratibu, si kazi ngumu. Kichwa cha fedha nilikifungua nikakiviringisha peke yake, ili kisigongane na kioo njiani. Ndani ya tumbo sikushindilia kitu, kwani kioo chembamba hupasuka hata kikisukumwa kutoka ndani. Hatari yenyewe iko pale shingo inapokutana na tumbo. Tumbo likilala, shingo inabaki ikining'inia hewani, na mtikiso mmoja unatosha kuikata. Kwa hiyo niliizungushia shingo vitambaa laini, mzunguko juu ya mzunguko, hadi ikawa nene sawa na tumbo, na mrashi wote ukawa kama mto mdogo wa mviringo. Nikaulaza katika sanduku la ndani juu ya sufi.

Hapo mama mdogo akapiga hodi, na mfuko wa visheti mkononi. Nikamwamkia, akaitikia huku macho yake yako kwenye sanduku kubwa.

"Sanduku lote hilo, mrashi mmoja? Humo ungetia na mbuzi!"

"Nafasi hiyo ni ya magazeti, mama mdogo. Yanazuia lisigongwe la ndani."

"Magazeti! Mtoto amefiwa, yuko peke yake ugenini, afungue sanduku asome habari za mwaka jana? Weka visheti hapa pembeni. Vyepesi hivi, hata kunguru huvibeba."

"Siviweki."

"Huviweki?" Akakaa kitako. "Dada yangu angekusikia!"

Ningeweza kuvipokea, kisha nikavitoa akishaondoka. Wazo hilo lilinijia, na halikuwa mbali. Lakini nilikuwa nimemficha mara moja, na ile mara moja ilinichosha. Nikafungua simu nikampa ile picha.

Aliishika mbali na macho, kisha karibu. Aliutambua utepe mwekundu aliofungia kwa mkono wake.

"Mkebe wangu."

"Niliyepanga sanduku ni mimi, mama mdogo. Kosa ni langu."

Akaiweka simu mapajani. "Mama yako alininyunyizia mimi marashi kwa huo," akasema, "siku niliyoolewa." Kisha akavuta gazeti moja, akafinyafinya ukurasa. "Hivi?"

"Usilikaze sana, mama mdogo. Liache libonyee likiguswa."

Tukajaza pamoja pande zote, chini na juu, unene wa vidole vinne kila upande, na hakuna aliyetaja visheti tena.

Mdogo wangu alipiga simu ya video mzigo huo wa pili ulipofika. Alikuwa amekwisha kurudisha kichwa cha fedha mahali pake. Aliuinamisha mrashi juu ya kiganja chake, mtupu kama ulivyo, akautikisa mara tatu, kisha akakileta kiganja puani na kukaa nacho hapo. Mimi nikageuza uso. Mama mdogo, aliyekaa kando yangu, ndiye aliyeninyang'anya simu: "Visheti viko njiani kwa sanduku jingine. Na usivile peke yako, una tabia hiyo tangu utotoni!" Mdogo wangu akacheka huku analia.

Basi chombo chako kikiwa tayari, kifunge peke yake sandukuni. Atakayekuja na zawadi mweleze sababu bila kumficha, kisha mtafutie sanduku la pili, uitume zawadi yake kando.