Hedi Kuukuu ya Mashine ya Nemba

Asubuhi ile kwenye banda la mashine ya kusaga ya kijiji chetu, Nemba, tulikuwa watu sita: mwenyekiti wa kijiji, fundi wa karakana ya misheni, mzee mhunzi wa kabila la Wasubi, aliyekuja na muhogo wake akakuta hakuna kusaga, mama mmoja mjane aliyetumwa na wanawake wenzake aje asikilize, mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, na mimi, mwendesha mashine.

Kazi hiyo niliipata kwa sababu ya vita. Mwendeshaji wa kwanza alikuwa mgambo, akaitwa, akapanda lori na vijana wengine kuelekea mpakani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfagilia banda na kumchotea dizeli, na sauti za ile injini nilizijua zote. Shule niliiacha darasa la nne, wazazi wetu walipofariki wakifuatana, nikabaki na wadogo watatu. Kila aliyesaga aliniachia bakuli la unga. Unga huo ulitulisha na kuwaweka wadogo zangu shuleni. Injini ingekufa, wangeacha shule kama mimi.

Chini, juu ya gunia, zililala hedi mbili kuukuu. Hedi ni kile chuma kizito kinachofunika silinda. Ndani yake valvu hupanda na kushuka katika mirija midogo ambayo tuliiita bushi. Hedi ya kwanza ilikuwa yetu, nayo ilikuwa na ufa. Ufa huo uliletwa na huruma. Siku ya kuwasagia vijana wengine walioitwa vitani unga wa safari, pipa la maji ya kupoza lilikauka bila mtu kuona. Injini ikaanza kufuka moshi. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakasema maskini inaungua, wakaimwagia ndoo za maji ya mtoni. Chuma kikalia ta! Wengine wakapiga vigelegele, wakidhani imepona.

Hedi ya pili ilitoka kwenye injini ya aina ileile iliyoachwa kwenye machimbo ya zamani ya dhahabu. Mwili wake ulikuwa mzima, lakini bushi moja ilikuwa imepasuka mdomoni na nyingine imelika hadi tundu lake si la mviringo tena. Bushi za ile yenye ufa nazo zilikuwa zimekwisha, hazikufaa kuhamishwa. Spea mpya hazikuwepo. Kila kitu kilikuwa kinakwenda jeshini.

Fundi alitia valvu kwenye bushi, akaitingisha. "Itafanya kazi," alisema. "Nitakata bati la kopo la maziwa, nilizungushie humo ndani ikaze."

"Itafanya kazi mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka itakapokataa, bibie."

Mjane akacheka. "Marehemu mume wangu naye alifanya kazi hivyohivyo."

Mwenyekiti hakucheka. "Funga, fundi. Wanawake wamerudi kwenye mawe ya kusagia. Mimi mwenyewe tangu juzi natafuna ugali wenye mchanga."

"Jiwe halichagui mikono, mwenyekiti," mjane akamjibu. "Njoo usage wako."

Niliichukua ile valvu nikaitingisha mwenyewe. Ilicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nikawaza: bati likichomoka, valvu itakaa upande, itakwama, itagongwa na pistoni. Ufa ulitunyang'anya hedi. Hili lingetunyang'anya injini nzima.

"Haifungwi," nikasema.

"Nani kasema?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi, mzee. Mlinikabidhi mashine hii mbele ya mkutano. Mkitaka ifungwe hivi, chukueni spana, mtafute na mtu wa kuiendesha."

Spana niliziweka kweli pale chini mbele yake. Hakuna aliyeziokota.

Fundi akakuna kichwa. "Hedi yenyewe si mbaya. Shida ni bushi. Ningekuwa na shaba, ningekereza mpya."

"Shaba ikipatikana, kuiyeyusha niachieni," alisema mhunzi. "Nitakumiminia vijiti, wewe ukereze."

"Tuchukue kengele ya shule," akasema mwenyekiti.

"Kengele ya shule ni rimu ya lori, mzee," fundi akamjibu.

Nilijua shaba ilipo. Nyumbani, ndani ya kanga, tulihifadhi vikuku vya mama vya miguuni, vizito, alivyoachiwa na mama yake. Kwetu vikuku vya mama ni vya binti wa mwisho, huvivaa siku anapotoka kwenda kwa mumewe. Havikuwa vyangu, ndiyo maana sikuvitaja.

Mdogo wangu, aliyekuwa ameniletea uji, akanitazama. "Dada, vile vya mama ni shaba?"

"Ni vyako."

"Sikukuuliza ni vya nani. Nimeuliza kama ni shaba."

"Ni shaba."

"Wewe mtoto, utaolewa miguu mitupu?" mjane akamwuliza.

"Nitaolewa nimeshiba."

Nikamwambia mbele ya wote kwamba nimevikopa, na nitavirudisha uzito kwa uzito. Mhunzi akasema amesikia. Siku hiyohiyo tulivipeleka kwake, mdogo wangu kavibeba mwenyewe kichwani.

Kijiti cha kwanza kilitoka na vitundu kama mkate. Mhunzi alikivunja akarudia bila kusubiri kuambiwa. Fundi akakereza bushi, akazigonga taratibu mahali pake, na valvu ikapanda na kushuka bila kucheza. Nilizungusha hendeli mwenyewe. Injini ilikohoa moshi mweusi, kisha sauti yake ikatulia, ileile niliyoizoea. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwenyekiti, gunia begani, akina mama wakimwimbia.

Mashine ile ilisaga mpaka vita vikaisha. Yule mgambo aliporudi, aliifungua hedi, akazitazama bushi, akafunga tena kila nati. Kisha akanirudishia spana. "Endelea wewe," akasema. Niliendelea. Wadogo zangu wote watatu walimaliza shule, na mmoja leo ni mwalimu kule Kirushya. Ukiondoa vile vikuku, sikusaidiwa na mtu kuwafikisha hapo, na nalisema hili bila haya.

Baadaye injini ilipelekwa kijiji kingine pamoja na hedi yake, na sijui iliishia wapi. Mdogo wangu aliolewa miguu mitupu. Nimetafuta Biharamulo mpaka Ngara, nikakuta vikuku vyepesi vya waya tu, na nilivyomkopa havikuwa vya waya. Akija kunitembelea huketi mkekani, hunyoosha miguu mbele yangu, hutikisa vifundo vya miguu, kisha hucheka mpaka nami nacheka.

Mwezi uliopita binti yake wa mwisho aliposwa. Bado sijavipata vikuku vya kumvalisha.