Choki ya Mkono au ya Stima

Kwa miezi mitatu nilitundika mfuko wa sukuma wiki kwenye choki ya gari, nikidhani ni kitu cha kutundikia. Najua. Tena nilisoma fizikia mpaka kidato cha nne. Lakini nilikiona kile kifundo cheusi kando ya usukani, nikakivuta mpaka kikatoka urefu wa kidole, nikasema moyoni: waliotengeneza gari hili walifikiria kila kitu, hata mahali pa mboga.

Choki ikivutwa, injini hupunguziwa hewa ikamiminiwa petroli. Asubuhi ya baridi hilo huifaa, kwa dakika chache tu. Yangu ilimiminiwa kutoka kwetu Umoja mpaka soko la Muthurwa na kurudi. Moshi ukawa mweusi kama wa kuni mbichi, plagi zikajaa masizi, na asubuhi gari likawa haliwaki. Kwetu gari lisipowaka, ploti nzima, wapangaji wote wa uani, husukuma. Haombwi mtu. Ukisikia starta imelia mara tatu bure, unaweka kikombe cha chai chini na kutoka na ndala zako. Mimi sikusukuma hata siku moja. Mwenye gari hukaa ndani, akitoa amri.

Tena halikuwa langu. Lilikuwa la baba mkwe, dereva mstaafu wa Machakos, aliyelitunza miaka na miaka kabla ya kutuazima. Habari za kusukumwa zikamfikia, akatuma neno: Jumamosi angekuja kulala kwetu. Jumapili asubuhi likiwaka lenyewe, linabaki. Likisukumwa, anaondoka nalo.

Mimi, likiondoka, lingeniacha na kiti changu na redio yangu, nisinung'unike sana. Ila mke wangu alishona sare za shule, na gari hilo ndilo lililomletea majora ya vitambaa kutoka Eastleigh. Bila gari, cherehani ingelala. Basi Jumatano tukalipeleka kwa fundi, pale kando ya barabara Mowlem.

Fundi alichungulia ndani, akauona mfuko unaning'inia, akakaa chini kwanza.

"Mzee, hii ni choki. Wewe umeifanya kibanda cha mboga."

Alipomaliza kucheka akatuambia kebo imekwisha, tuchague. Angeweza kuweka nyingine ya mkono, au atutolee ya stima, yaani ya umeme, kwenye kabureta kuukuu aliyokuwa nayo. "Hii ya stima ni waya mmoja tu. Ikipata joto inafunguka yenyewe. Kazi yako ni kukaa."

Sijawahi kuelezwa kazi inayonifaa zaidi. Nilikuwa nimeshakubali, mke wangu akauliza:

"Na waya ukikatika?"

"Itabaki imefunga, mama. Mtatoa moshi kama huu wenu."

"Na aliye ndani atafanya nini?"

"Atashuka, afungue boneti."

Mke wangu akanitazama. Maishani mwangu nilikuwa nimefungua boneti mara moja, na nikaifunga ikiwa na tai yangu ndani.

"Weka ya mkono," akamwambia fundi. "Huyu angalau akikosea, arekebishe akiwa amekaa."

Fundi akanifundisha: vuta yote, washa, kisha sikiliza. "Ni kama uji, mzee. Ukianza kupanda, punguza. Ukitulia, rudisha yote." Uji! Hapo ndipo nilipopata moyo. Kwetu mpishi wa uji ni mimi. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi nikafanya mazoezi kabla ya chai, na mara mbili kati ya tatu likawaka bila msaada. Nikaanza hata kupiga mluzi.

Jumapili baba mkwe alitoka amevaa koti zito, akaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha sikulipasha moto kisirisiri. Majirani walikuwa tayari na ndala zao.

"Mtu asiguse," akasema.

Nikavuta choki, nikawasha. Likakohoa. Nikawasha tena. Likakohoa, likanyamaza. Kwenye dirisha la nyumba mke wangu alikuwa ameshika futi yake ya kupimia kama rozari. Mara ya tatu likashika, likaunguruma, uji ukaanza kupanda. Nikasukuma kifundo nusu.

Mzee aliinamisha kichwa, akisikiliza. "Umerudisha?"

"Nimerudisha nusu, baba."

"Ngoja." Tukangoja. "Haya, yote sasa."

Nikarudisha yote. Injini ikatulia, ikawa inasema polepole, na nyuma hapakuwa na moshi wa kutazamwa. Baba mkwe akachomoa mfukoni ufunguo wa pili, ambao hakuwahi kutuachia, akanipita mimi na mkono wangu uliokwisha kunyooka, akampa binti yake dirishani. Kisha akauliza kama chai iko.

Nikashuka nikijiandaa kupongezwa. Ploti nzima kimya. Jirani wa mlango wa pili, mtu wa kiwandani mwenye mabega mapana, akanisogelea.

"Usione tumenyamaza ukadhani ni furaha. Mimi tangu Jumatano naomba mzee aende nalo, mabega haya yapumzike."