Kilichokuwa Kikigonga Ndani ya Evdokia

Kaka yangu Sakelaris alipofariki, Mungu amrehemu, boti yake ilikaa gatini bila kuwashwa mpaka mvua ikaijaza maji. Mkewe, wifi yangu Themelina, akaenda kuyachota kwa ndoo. Alipomaliza akawasha injini, akafungua kamba, akatoka peke yake hadi nje ya ukuta wa bandari. Nilikuwa nimesimama gatini, natoka kanisani. Nikamwona anageuza, anarudi polepole.

"Inagonga," akasema.

"Nini kinagonga?"

"Ningejua ningekwambia, wifi."

Ilikuwa hivi: ukiwa gatini, injini ikiunguruma bila kusukuma kitu, haikuwa na neno. Ukitoka nje na kuongeza mwendo, unasikia ko, ko-ko, ko, kama mtu anayegonga mlango na kuona haya. Ukipunguza, kimya. Ukiongeza, anarudi.

Mimi nilifikiri ni kaka yangu, nikafanya ishara ya msalaba. Themelina hakufikiri hivyo, au hakusema. Alijua tu kwamba injini ile ikifa hakuna nyingine. Boti ya mbao isiyo na injini, hapa kisiwani kwetu, huishia kuvunjwa na tingatinga ufukweni. Naye Themelina angekwenda mjini Pireo kwa binti yake Sevasti, ghorofa ya tano, kutazama mabasi. Chumba kilikuwa tayari. Sevasti alikuwa ameshanunua mapazia.

Themelina ni mtoto wa wafuga mbuzi wa huko juu mlimani. Hakuwa ameshika samaki mbichi mpaka alipoolewa. Mama yetu Evdokia, ambaye boti imepewa jina lake, alimcheka sana, akisema kaka yangu ametuletea mchungaji atakayewapigia samaki mluzi. Themelina alikaa mbele ya boti, akavuta nyavu, akajifunza. Kuogelea hajui hadi leo. Maisha yao yote ya ndoa yeye alikuwa mbele kwenye nyavu na kaka yangu nyuma kwenye usukani, wakitazamana juu ya kichwa cha injini, wala hawasikiani kwa kelele zake. Labda ndiyo maana hawakugombana.

Kaka yangu aliendesha amesimama. Alisimama juu ya ubao ulio kando ya sanduku la injini, mkono wa usukani ukiwa katikati ya mapaja yake, ili mikono ibaki huru kwa nyavu. Juu ya ubao ule Themelina alikuwa ameweka kopo la mrehani.

"Hapa pasikanyagwe mpaka arobaini ipite," alisema.

Gatini hakuna aliyeshangaa. Kwetu hata kiti cha marehemu mezani hakikaliwi kabla ya arobaini. Kwa hiyo Themelina akiendesha alikaa pembeni juu ya kreti ya samaki, akinyoosha mkono kuufikia usukani, na sisi wengine tulilivuka kopo lile kwa hatua ndefu.

Tulimwita fundi Nomikos. Ni mtu mnene, anapumua kwa mdomo, na alikuwa rafiki wa kaka yangu tangu shule. Aliingia na bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya injini na mpini sikioni, akafumba macho.

"Anasemaje?" Mikes, mwenye mkahawa wa gatini, alimpigia kelele kutoka mlangoni.

"Anasema kahawa yako ni maji ya kuoshea vyombo."

"Basi mzima huyo! Mfunike, uende zako."

Nomikos hakucheka sana. Alifungua nozeli, akazisafisha, akazirudisha. Tukatoka. Ko, ko-ko. Akakaza bomba la moshi. Ko, ko-ko. Akasema labda ni shafti, au propela imegonga mwamba. Tukaipandisha Evdokia ufukweni kwa magogo na waya. Propela ilikuwa nzima. Shafti ilizunguka bila kuchezacheza. Tukairudisha majini. Ko.

"Mama Themelina," Nomikos akasema, akipangusa jasho, "mimi nimezeeka au boti yako inanichezea."

"Yote mawili yanawezekana, fundi."

"Ikiwa ni ndani kabisa, kwenye beringi za krenki, basi imekwisha. Sitakudanganya."

"Usinidanganye."

Alisema hivyo kama mtu anayeambiwa duka limefungwa. Ndivyo tulivyokuwa sote wakati ule. Nilikuwa nasali sala za asubuhi na za jioni, midomo inakwenda, na ndani hakuna kitu. Nilipika, nikala, sijui nini. Padri aliniambia sala kavu nayo ni sala. Nikamwambia ndiyo, Baba.

Usiku Sevasti alipiga simu. Nilikuwa nimekaa hapo, namsikia.

"Mama, wacha tu. Unataka kufia majini?"

"Hakuna anayekufa. Inagonga tu."

"Nani mwingine boti yake inagonga na bado anang'ang'ania? Njoo nyumbani."

"Niko nyumbani," Themelina akasema, akakata.

Arobaini ikafika. Tulichemsha ngano, tukaichanganya na sukari, zabibu kavu na komamanga, tukaipeleka kanisani na kuwagawia watu kwa vikombe vya karatasi. Kutoka kanisani Themelina hakwenda kubadili nguo. Alishuka moja kwa moja hadi gatini na gauni lake jeusi na viatu vya kanisani, mimi nyuma yake, na Nomikos nyuma yangu, shati jeupe limembana tumboni, bado anatafuna ngano.

"Mara ya mwisho," Nomikos akasema. "Ikigonga, naifungua yote mpaka chini. Tukikuta ninachokiogopa, Mungu yupo."

Themelina alichukua kopo la mrehani, akanipa nilishike. Tukatoka nje ya ukuta. Akaongeza mwendo. Ko, ko-ko, ko.

Akasimama kutoka kwenye kreti. Nadhani alikuwa amechoka kunyoosha mkono tu. Akaukanyaga ubao wa kaka yangu, akauweka usukani katikati ya mapaja, gauni likajikunja. Na ule mlio wa kugonga ukafifia. Haukwisha, ila ulikuwa kama umeingia chumba cha pili.

Nomikos aliacha kutafuna.

"Shuka hapo."

Akashuka. Ko, ko-ko.

"Panda."

Ukafifia.

"Nipishe mimi." Nomikos akapanda na unene wake wote. Kimya. Injini ikaunguruma safi, kama siku zote tulizoijua. Akashuka, akapanda, akashuka. Kisha akazima, na boti ikaanza kuyumba tu na mawimbi, akapiga magoti kuung'oa ubao.

Chini yake kulikuwa na mguu wa nyuma wa injini, wa kushoto. Bolti yake ilikuwa imekatika. Kati ya mguu ule na ubao palikuwa na kipande cha mti wa mzeituni, kimechongwa vizuri kikalingana na nafasi yake. Mtu akisimama juu, uzito wake unaushikilia mguu. Mtu asiposimama, injini inarukaruka na kugonga.

"Ee, mpumbavu wewe," Nomikos akasema taratibu, kwa mti ule. "Bolti moja. Ungenipigia mluzi tu ningekuja."

"Kitakuwa cha lini?" nikauliza.

"Kimelowa mafuta mpaka kiini. Ni miaka, dada yangu. Alijiambia baada ya Pasaka, halafu samaki wakaja, halafu Pasaka nyingine."

Themelina alikuwa anautazama ule mti.

"Alikuwa na mishipa iliyovimba miguuni," akasema. "Daktari alimwambia asisimame. Kila siku namwambia, Sakelaris, kaa. Anasema siwezi. Nikadhani ni kiburi."

Nilitaka kulia na sikuweza. Nomikos akamwuliza Themelina aikaze leo au aache kwanza.

"Kaza," Themelina akasema. "Leo kuna nafasi."

Tulirudi kwa mwendo wa pole, Nomikos amesimama juu ya ubao na shati lake la kanisani. Akaenda nyumbani kuchukua spana na bolti, akarudi amevaa vilevile, akalala kifudifudi ndani ya mafuta. Kipande cha mzeituni akakitupa ndani ya ndoo ya matambara. Tulipotoka tena, mimi nilikaa nikisikiliza kwa nguvu zote. Hapakuwa na kitu.

Jioni Themelina alimpigia Sevasti.

"Ilikuwa bolti. Imeshakazwa. Mapazia uweke chumba kingine."

Sevasti alisema mengi. Themelina alisikiliza mpaka mwisho, akamtakia usiku mwema. Kisha akanigeukia.

"Nyavu zinataka watu wawili. Unajua?"

"Mimi natapika baharini, wifi."

"Tapika upande upepo unakokwenda. Una viatu vya mpira?"

Nikasema sina. Akaingia ndani, akaniletea vya kwake vya zamani, akakaa kunitazama nikivijaribu.