Aproni Yenye Majina Matatu

Walimwita Mama Wembe, nusu kwa sababu ya wembe aliofanyia kazi, nusu kwa sababu ya ulimi wake. Alikaa kwenye stuli kando ya mlango wa stoo, katika kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli na hospitali, na kazi yake ilikuwa kushona yaliyochanika na kufumua yasiyotakiwa. Mkono wake wa kulia ulibaki na kidole gumba na cha mwisho. Vingine vilikwenda na mashine ya kunyoosha, ile yenye marola ya moto yanayomeza shuka bichi upande huu na kulitema kavu upande wa pili.

Mashine hiyo ililetwa ikiwa na chuma cha kuzuia mbele ya marola. Mkono ukikigusa tu, kila kitu kinasimama. Bosi alikiondoa kwa sababu, alisema, kilisimamisha kazi ovyo, mara kwa kiwiko cha mtu, mara kwa ncha ya shuka. Alipoumia Mama Wembe, mkaguzi wa serikali alimfuata hadi hospitali, akamuuliza, akamsikiliza, akaenda zake. Kiwanda kikapewa onyo. Yeye akapewa wembe. Bosi alisema hakumfukuza kwa huruma tu, na waliosikia wakamsifu kwa roho nzuri.

Baadaye aliletewa lundo la aproni za wafanyakazi, zile za kufunika mbele na nyuma, afumue jina la kiwanda lililodariziwa kifuani. Jina jipya likadariziwa mfukoni, kwa kuwa kifua kilishatoboka. Hakuwahi kusoma, hivyo jina lile la kwanza alilijua kwa ugumu wake tu. Lilikuwa na mikia mingi, na uzi wake uling'ang'ania kama kupe. Kisha msichana mmoja akavunjwa mkono na marola yaleyale. Mkaguzi akaja, onyo likatoka, na haukupita muda lundo la aproni likarudi mapajani kwa Mama Wembe. Jina la tatu likahamia mgongoni. Bosi angeweza kununua aproni mpya, lakini yeye hata sabuni aliitoa kwa kuikunia kichwa.

Aliyemfumbua macho ni dereva wa gari la mashuka, mtu wa mizaha. Alimweleza kwamba onyo ni la kosa la kwanza. Ukirudia unalipa faini ya kukuuma, na ukirudia tena mashine inafungwa, wewe unakwenda kusimama mbele ya hakimu. "Sasa huyu wetu," dereva akasema, "kila akikosa anazaliwa upya." Akacheka peke yake. Mama Wembe aliutazama uzi uliomganda kwenye kidole gumba. Kumbe miaka yote hii alikuwa akimsafisha mtu, tena kwa mkono uleule ambao mtu huyo aliupunguza.

Akaendelea kufumua. Angemwambia nani? Alikwisha kusema mara moja, kitandani hospitali, na aliyemsikiliza alikunja karatasi zake akaondoka.

Halafu mama mmoja wa zamu ya asubuhi akaunguzwa kiganja, na kesho yake mahali pake kwenye marola akasimamishwa mke wa mwana wa Mama Wembe. Binti huyo alifurahi, kwa sababu marola yalilipa zaidi ya kukunja mashuka, na mume wake hakuwa na kazi. Nyumbani Mama Wembe alimkataza kwa upole, akamkataza kwa ukali, mwishowe akamwekea ule mkono mezani mbele ya sahani.

"Mama," binti akasema, bila kuutazama, "kwa kuwa wewe uliumia, ndiyo unataka sote tukae kwenye stuli?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko rola.

Hospitali iliyomtibu yule mama wa kiganja ndiyo iliyopeleka taarifa, na mkaguzi akaja. Safari hii alikuwa mwanamke mnene aliyevaa raba, asiye na haraka. Aliinama chini ya mashine, akapapasa matundu manne ya skrubu pale chuma kilipokuwa, kisha akamgeukia bosi. Bosi alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kampuni yake ilikuwa changa, alisema, imeanza juzijuzi. Apewe onyo, atarekebisha.

Mkaguzi akasema mbele ya wote kwamba sheria inamhesabu mwajiri, haihesabu mashine. Akiandika mwajiri mpya, hesabu inaanza moja. Ila kama yupo mtu aliyefanya kazi hapa tangu zamani, aseme kama mwajiri ni yuleyule.

Watu wakakagua sakafu. Kutoka kwenye marola binti alimtolea mama mkwe wake macho yaliyosema yote: kodi, watoto, mume. Hata bosi alimtazama, akalainisha sauti.

"Mama yetu, si tumeishi vizuri sisi?"

"Tumeishi, bosi," akajibu Mama Wembe.

Akafungua kamba za aproni yake, akaivua, akamtandikia mkaguzi juu ya mashuka. Kitambaa kilikwisha kupauka, isipokuwa pale uzi ulipokaa. Kifuani herufi zilionekana kwa rangi yake ya awali, na mfukoni hivyohivyo. Mkaguzi akasoma jina la kwanza, la pili, akaigeuza, akasoma la tatu. Mama Wembe hakuwahi kuyasikia yamefuatana namna ile. La kwanza lilikuwa zuri, kama jina la mtoto.

"Mawili ya mwanzo nimeyafumua mimi," akasema. "Aliyeniletea ni huyu. Rola halijui kusoma, mama. Kwake sisi ni walewale."

Walipoandika maelezo yake, mkaguzi aliomba alama ya kidole gumba. "Hicho walinibakizia," akasema, akakichovya wino.

Mashine ikafungwa kwa waya na lakiri ya risasi hapohapo, mpaka chuma kirudi, na bosi akaandikiwa kwamba amerudia kosa, akaitwa mahakamani. Stuli ya mlango wa stoo ilitolewa nje pamoja na Mama Wembe kabla jua halijatua. Vidole vyake havikumrudia, wala hakuna aliyekuja kumwomba radhi. Waliofanya kazi kwenye marola walirudishwa nyumbani bila malipo, na baadhi yao hawakujibu salamu yake barabarani.

Binti alifika akaingia jikoni bila kumwamkia. Alimimina unga, akaukanda kwa ngumi kana kwamba ndio mama mkwe mwenyewe, akiupindua, akiubamiza, akiupasua. Mama Wembe alikaa mlangoni akimtazama. Vidole vilizama kwenye unga vikatoka, kumi, vyote vyeupe mpaka kwenye kifundo.

Acha anune, akajisemea. Akasogeza miguu ili mwanga umfikie binti vizuri.